Dinosaria wenye kichwa cha kuba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu majina na uainishaji wao

Pachycephalosaurus, Stygimoloch, Dracorex, Stegoceras, Troodon: majina haya hugongana vitabuni, makumbushoni na kwenye vifungashio vya wanasesere, na kila baada ya muda moja hutangazwa kuwa limekufa au limefufuka. Haya ni majibu ya maswali yanayojirudia zaidi.

Dinosaria wa kichwa cha kuba ni yupi hasa?

Ni kundi zima, si mnyama mmoja. Kisayansi linaitwa Pachycephalosauria, jina lililotolewa mwaka 1974 na Teresa Maryańska na Halszka Osmólska wa Poland. Walikuwa wanyama wa kutembea kwa miguu miwili, na paa la fuvu lao lilikuwa nene kupita kiasi. Kuba lenyewe ni muungano wa mfupa wa paji la uso na mifupa ya utosi, iliyovimba na kushikana mpaka mshono kati yao ukapotea. Kwa Pachycephalosaurus aliyekomaa unene huo hufikia takriban sentimita 25, na ubongo umejibanza chini yake.

Karibu wote wanaojulikana kwa hakika wametoka Asia na Amerika Kaskazini, katika miamba ya kipindi cha Kretasia. Stegoceras alikuwa na urefu wa mita 2 hadi 2.5 hivi. Pachycephalosaurus, mkubwa wao, alifika kama mita 4.5 na aliishi mwishoni kabisa, kati ya miaka milioni 68 na 66 iliyopita.

Kwa nini majina yao hubishaniwa kiasi hiki?

Sababu ya kwanza ni ugumu wa kuba. Mnyama akifa, uso, taya na mifupa myembamba ya mwili huvunjika na kusambaa, lakini kuba hubaki. Maji ya mto hulibingirisha kama jiwe hadi kingo zake zinalainika, kisha hufukiwa mbali na mahali mnyama alipofia. Anayelichimba anapata bonge la mfupa lisilo na meno, pua wala miguu. Spishi kadhaa za kundi hili zimepewa majina kwa mabonge ya aina hiyo tu.

Sababu ya pili ndiyo iliyoleta ugomvi mkubwa: kichwa cha wanyama hawa kilibadilika mno kadiri walivyokua. Mtoto na mzazi wangeweza kufanana kidogo kuliko wanyama wa jenasi (kundi la spishi za karibu) mbili tofauti. Ukiweka fuvu la mtoto kando ya fuvu la mnyama aliyekomaa bila kujua umri wake, utaandika majina mawili kwa moyo mweupe kabisa.

Ilikuwaje wakaitwa Troodon?

Mwaka 1856 Joseph Leidy alikipa jina Troodon formosus kijino kimoja kilichotoka eneo la Judith River, Montana. Jino moja tu, lenye kingo za msumeno. Mwaka 1902 Lawrence Lambe akaeleza vipande vya makuba kutoka Alberta, Kanada, akamwita mnyama wake Stegoceras validum.

Mwaka 1924 Charles W. Gilmore alieleza fuvu zuri la Stegoceras, likiwa na meno yake. Alipoyaangalia aliona yanafanana na lile jino la Leidy. Kanuni inasema jina lililotangulia ndilo linalotawala, kwa hiyo Stegoceras validum akageuka kuwa Troodon validus. Mwaka 1931 Gilmore huyohuyo alipopata mnyama mwingine wa kuba kutoka Wyoming, alimwita Troodon wyomingensis. Huyu wa mwisho ndiye Pachycephalosaurus tunayemfahamu leo. Jina hilo la jenasi lilitolewa mwaka 1943 na Barnum Brown na Erich Schlaikjer.

Mkanganyiko ulikatwa mwaka 1945. Charles M. Sternberg alionyesha kwamba jino la Troodon ni la theropodi, yaani kundi la dinosaria walanyama, wala si la mnyama wa kuba. Akalirudisha jina Stegoceras, na kwa kuwa familia nzima ilikuwa imejengwa juu ya Troodon, akaunda familia mpya: Pachycephalosauridae. Kwa miaka 21 kundi zima lilikuwa limebeba jina la mnyama asiyehusika, kwa sababu ya jino linalotoshea kiganjani na nafasi ikabaki.

Kama jina la kwanza ndilo linalotawala, mbona hatusemi Tylosteus?

Swali zuri, na ndilo linaloonyesha kwamba kanuni ina mlango wa dharura. Leidy, mwaka 1872, alikipa jina Tylosteus ornatus kipande cha mfupa wenye vinundu. Hakikujulikana ni cha mnyama gani. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwaka 1979, Donald Baird alitambua kwamba ni skwamosali, mfupa wa kona ya nyuma ya fuvu, ya mnyama wa kuba, na kwamba huenda ni Pachycephalosaurus. Kwa hesabu ya miaka, Tylosteus angeshinda.

Lakini jina hilo lilikuwa halijatumiwa na mtu kwa miongo mingi, kipande chenyewe kilikuwa duni, na mahali kilipotoka hapakuelezwa vizuri. Ombi lilipelekwa mwaka 1985 kwenye Tume ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama, ijulikanayo kwa kifupi ICZN, na mwaka 1986 Tume ikaliokoa jina Pachycephalosaurus.

Siku hizi kesi nyingine za aina hii hazihitaji hata ombi. Kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2000 zinataka masharti mawili yatimie kwa pamoja: jina la zamani liwe halijatumiwa kama jina halali tangu mwisho wa 1899, na jina jipya liwe limetumiwa katika machapisho yasiyopungua 25, ya waandishi wasiopungua 10, ndani ya miaka 50 iliyotangulia, yakiwa yametawanyika kwa muda usiopungua miaka 10. Sharti moja likikosekana, unarudi kwenye foleni ya Tume.

Dracorex na Stygimoloch ni wanyama halali au ni Pachycephalosaurus watoto?

Jibu fupi: watafiti wengi wanawaona kuwa Pachycephalosaurus wa umri mdogo, ila mjadala umebakiwa na uzi mmoja ambao haujakatika. Jibu refu ndilo hili.

Stygimoloch spinifer alipewa jina mwaka 1983 na Peter Galton na Hans-Dieter Sues. Alama yake ni kishada cha pembe nyuma ya kichwa: pembe ndefu ya kati, na vijipembe viwili au vitatu pembeni yake. Kuba lake ni jembamba na limebanwa pande zote mbili. Dracorex hogwartsia akafuata mwaka 2006, kwa fuvu moja la Dakota Kusini lililoko katika jumba la makumbusho ya watoto la Indianapolis. Yeye hana kuba kabisa. Kichwa ni bapa, pembe zimejaa, na juu ya fuvu kuna matundu mawili makubwa ya wazi nyuma ya macho. Jina lake la pili lilichukuliwa kwenye shule ya wachawi ya hadithi za watoto, na tunaamini umaarufu wake unatokana zaidi na hilo kuliko na mfupa wenyewe.

Mwaka 2009 Jack Horner na Mark Goodwin walizipanga sampuli hizi tatu kwenye mstari mmoja wa ukuaji. Dracorex ndiye mdogo: bapa, matundu wazi, pembe kali. Stygimoloch ni kijana: kuba limeanza kuinuka, matundu yanazibika, pembe bado ndefu. Pachycephalosaurus ni mtu mzima: kuba limejaa na kutanuka, na zile pembe zimeliwa zikabaki vinundu butu. Jambo hili la mwisho ndilo linalowashangaza watu. Tumezoea pembe zinazokua na umri, kumbe hapa mfupa ulinyonywa na mwili wenyewe kadiri kuba lilivyopanda.

Hoja zinazobeba dai hilo ni hizi. Wote watatu wametoka katika miamba ya umri unaokaribiana, hasa ile ya Hell Creek, magharibi mwa Marekani. Hakuna Dracorex wala Stygimoloch aliyethibitika kukomaa, na hakukuwa na mtoto wa Pachycephalosaurus aliyetambuliwa. Tena mpangilio wa vinundu na pembe, mahali vinapokaa kwenye skwamosali na puani, unalingana kwa wote. Mwaka 2016 Goodwin na David Evans walieleza mifupa ya Pachycephalosaurus wadogo zaidi kutoka Montana, na mpangilio ule ulikuwa umeshaonekana tangu utotoni.

Uzi uliobaki ni wa tabaka. Hell Creek si tabaka moja. Imejengeka kwa zaidi ya miaka milioni moja. Mabaki yenye sura ya Stygimoloch yanayojulikana yalipotoka yameelekea kuwa ya sehemu ya juu, yaani ya baadaye. Ikithibitika kwamba wanyama wa juu walitofautiana na wa chini hata baada ya kukomaa, basi tutakuwa na spishi mbili zilizopishana kwa wakati, na ya pili itaitwa Pachycephalosaurus spinifer. Angalia kwamba hata hapo Dracorex hafufuki: spinifer ni ya 1983, hogwartsia ya 2006.

Maoni yetu: anayesema "imethibitishwa" anazidisha, na anayesema "ni nadharia tu ya mtu mmoja" anapunguza zaidi.

Wanajuaje umri kwa kuangalia mfupa?

Kwa kuupasua. Kazi huanza kwa kupima, kupiga picha na kutengeneza nakala ya kuba, kwa kuwa kinachokatwa hakirudi. Kisha kuba hupigwa picha za eksirei za tabaka kwa tabaka ili kuona mahali pazuri pa kukata. Kipande hulowekwa kwenye gundi ya resini huku hewa ikivutwa nje, kwa maana povu likibaki ndani mfupa hupasuka wakati wa kusagwa. Hukatwa kwa msumeno wa almasi unaopozwa kwa maji, hubandikwa kwenye kioo, na kusagwa kwa unga wa kukwaruza, kutoka wa chenga kubwa hadi laini, mpaka unene ushuke hadi kama milimita 0.1 au chini yake na mwanga uanze kupenya. Hapo ndipo darubini inaingia.

Kuba changa lina ukanda mpana katikati uliojaa nafasi za mishipa ya damu, na nyuzi za mfupa zikielekea juu kama miale. Hiyo ni tishu inayokua mbio. Kuba lililokomaa limeziba. Ukanda ule umesinyaa na mfupa mgumu umetawala. Mishono ya fuvu husaidia pia: ikiwa wazi, mnyama bado alikuwa akikua.

Kinachoharibika mara nyingi ni mahali pa kukata. Kipande cha ukingoni hakipiti kwenye sehemu nene, na kuba changa linaweza kuonekana zee au kinyume chake. Kwenye picha za eksirei, madini mazito ya chuma yaliyojaa kwenye nafasi za mishipa hung'aa kama mfupa mgumu na kudanganya macho. Jambo jingine la kukumbuka: kuba hueleza hatua ya ukuaji, si idadi ya miaka. Miaka huhesabiwa vizuri zaidi kwenye mistari ya mifupa ya miguu, na kuba lililopatikana pamoja na mguu wake ni bahati ya nadra.

Kwa hiyo kila mwenye kichwa bapa ni mtoto?

Hapana, na hapa ndipo wengi hujikwaa baada ya kusoma kisa cha Dracorex. Ornatotholus, aliyedhaniwa kuwa jenasi ya pekee ya Alberta, kweli alikuja kuonekana kuwa Stegoceras mdogo. Homalocephale wa Mongolia, bapa naye, ameshukiwa kuwa mtoto wa Prenocephale, lakini shaka hiyo haijamaliza kesi. Kila mmoja anahitaji ushahidi wake.

Mwaka 2025 Mongolia ilileta mtihani mpya: Zavacephale rinpoche, wa miaka milioni 108 hivi iliyopita, mkongwe kuliko wengine wote wa kundi wanaojulikana kwa uhakika. Ni mnyama mdogo, wa kama mita moja, na mifupa ya mguu inaonyesha alikuwa bado anakua. Hata hivyo kuba lake limeshajengeka vizuri. Yaani kwake kuba lilitangulia mwili. Ukichukua ratiba ya ukuaji ya Pachycephalosaurus ukaivalisha kundi zima, Zavacephale atakuumbua.

Ni wanyama gani wengine walioingizwa kwenye kundi kimakosa?

Anayestahili kuangaliwa kwa karibu ni Majungatholus wa Madagaska. Mwaka 1979 Sues na Philippe Taquet walieleza paa nene la fuvu lenye nundu, wakamweka na wanyama wa kuba. Lilikuwa jambo zito, kwani lingekuwa na maana kwamba kundi hili lilifika mabara ya kusini. Kisha likapatikana fuvu karibu zima la theropodi mkubwa wa kisiwa hicho, na juu ya paji lake pana nundu ileile. Mwaka 1998 kosa likasahihishwa: "mla majani" wa kuba alikuwa mlanyama, ambaye leo anaitwa Majungasaurus. Nundu peke yake si kitambulisho.

Yaverlandia wa kisiwa cha Wight, Uingereza, naye aliwahi kuhesabiwa humu, sasa anaonekana kuwa theropodi. Micropachycephalosaurus wa China, ambaye jina lake ni refu kuliko mwili wake, ameelekezwa upande wa jamaa za Triceratops.

Kama ni mnyama mmoja, nani huchagua jina linalobaki?

Hakuna anayechagua, tarehe ndiyo inayoamua. Kwa jenasi: Pachycephalosaurus 1943, Stygimoloch 1983, Dracorex 2006. Kwa spishi: wyomingensis 1931, spinifer 1983, hogwartsia 2006. Ya zamani hushinda, na nyingine huwa visawe vyake. Sura nzuri, fuvu kamili au jina tamu havipewi kura. Kinachofungwa na jina ni sampuli ya msingi, ile iliyotajwa katika chapisho la kwanza. Ikihamia kundi jingine, jina linakwenda nayo.

Kwa nini jina la Gilmore huwekwa kwenye mabano?

Ukiona Pachycephalosaurus wyomingensis (Gilmore, 1931), mabano yanakuambia kwamba Gilmore aliiita spishi hii mwaka huo, lakini akiwa ameiweka katika jenasi nyingine, hapa Troodon. Stegoceras validum Lambe, 1902 haina mabano kwa kuwa Lambe ndiye aliyeandika majina yote mawili pamoja. Wanaoweka mabano kwa mazoea kila mahali hufuta historia nzima kwa alama mbili.

Kugombana kwa vichwa kunahusiana nini na majina?

Wapo wanaoamini kwamba wanyama hawa walipigana kwa kugonganisha makuba yao, na jambo hilo linahusiana na majina kwa njia moja. Goodwin na Horner walidai mwaka 2004 kwamba tishu zile zenye miale ni za ukuaji wa muda tu, si za kuhimili mgongano. Upande wa pili, utafiti wa mwaka 2013 ulikagua makuba 109 na kukuta asilimia 22 yana makovu ya majeraha, ilhali mafuvu bapa hayakuwa nayo. Kama mafuvu bapa ni ya watoto, kukosa makovu kunaeleweka. Kama ni ya spishi tofauti, lazima useme walikuwa na tabia tofauti. Ukibadili uainishaji, ushahidi uleule unasema jambo jingine.

Nikisoma habari kwamba "jina fulani limefutwa", nikague nini?

Anza na sampuli ya msingi: ni fuvu, ni kuba, au ni kipande? Kisha tazama kama umri wa mnyama umepimwa kwa kupasua mfupa, kwa picha za eksirei, au kwa kukadiria ukubwa tu. Ukubwa peke yake ni hoja dhaifu. Tafuta tabaka lililotajwa kwa kina. "Hell Creek" bila kusema juu au chini haitoshi kwa mjadala wa Stygimoloch. Mwisho, tofautisha kisawe na jina la mashaka. Kisawe ni mnyama anayetambulika aliyepewa jina mara mbili. Gravitholus, kwa mfano, ametajwa mwaka 2023 kuwa kisawe cha Stegoceras. Jina la mashaka ni la sampuli duni isiyoweza kutofautishwa na nyingine, kama lile jino la Troodon linavyoonwa na watafiti wengi. Vyombo vya habari huyaita yote mawili "kufutwa", ilhali la kwanza lina mwenyewe na la pili halina.

Jumba la makumbusho bado limeandika Dracorex. Wamekosea?

Si lazima. Kisawe hakiondolewi kwenye orodha ya majina. Hubaki na tarehe yake, waandishi wake na sampuli yake ya msingi, tayari kutumika tena kama ushahidi ukigeuka. Brontosaurus alikaa hivyo chini ya Apatosaurus kwa zaidi ya karne moja, hadi utafiti wa 2015 uliporudisha hoja ya kumtenganisha. Fuvu la Indianapolis litaendelea kuwa sampuli ya msingi ya Dracorex hogwartsia hata siku kila mtafiti atakapoliita Pachycephalosaurus. Kibao bora huandika yote mawili: jina ambalo sampuli ilipewa, na jina la mnyama anayedhaniwa kuwa ndiye. Kikiandika moja tu, tafuta mwaka kilipochongwa kabla ya kumlaumu aliyekichonga.